Mkono Unaoshika

Mkono wa kushoto una kazi ambayo haisemwi. Wa kulia unaandika, wa kushoto umeshika karatasi isiteleze. Wa kulia unafungua kifuniko, wa kushoto umebana chupa isizunguke. Wa kulia unashona, wa kushoto unakivuta kitambaa kikae sawa. Sikuwahi kuliwaza jambo hili hata siku moja, mpaka Mama alipopata kiharusi na mkono wake wa kushoto ukalala.

"Afadhali ni wa kushoto," walisema waliokuja kumjulia hali. Walisema kwa upendo, nami nikaitikia. Niliendelea kuitikia kwa miezi. Leo ni miaka miwili na ushee, na katika muda huo nimekaa na Mama mbele ya roboti, mbele ya kisanduku cha umeme, mbele ya skrini za michezo, na mwisho mbele ya mkanda mdogo wa mkononi ambao ndio uliotuambia ukweli. Nataka kueleza tulichokiona, kwa sababu najua ziko nyumba ambamo mtu amekaa kitini sasa hivi, mkono umelala mapajani, na mwanawe anakesha kwenye simu akitafuta mashine ya kuuamsha.

Nianze na ubongo, kwa ufupi. Nyuzi za fahamu zinazobeba amri za mwendo kutoka ubongoni huvuka kwenda upande wa pili zinapokaribia uti wa mgongo. Ndiyo maana mshipa wa damu ulioziba upande wa kulia wa ubongo wa Mama uliulaza mkono wake wa kushoto. Mkono wenyewe haukuwa na kasoro. Misuli ipo, mifupa ipo, mishipa ya fahamu ya mkononi ni mizima. Kilichokatika ni njia ya kupitisha ujumbe. Na upande huo wa kulia wa ubongo una jukumu jingine ambalo sikulijua: unahusika sana na kuzingatia, hasa mambo yaliyo kushoto kwa mtu. Kwa hiyo Mama hakupoteza nguvu za mkono tu, aliusahau. Alichana nywele za upande wa kulia, akaweka kitana chini, akaridhika. Mkono uliponing'inia nje ya kitanda hakuuona. Usiku wa nne hospitalini alinigusa begani, akaninong'oneza: "Mwanangu, nani kalala na mimi hapa? Nimeushika mkono wake."

Alikuwa ameushika mkono wake mwenyewe.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Siku ya kumtoa kitandani nilimnyanyua kwa kumvuta mkono ule uliolala, kama tunavyomnyanyua mtu yeyote. Bega lililopooza halina misuli ya kulishikilia. Mfupa wa mkono huteleza chini kidogo, ukiweka kidole juu ya bega unahisi pengo. Ukimvuta mtu hapo unazidi kulifungua. Mama alilala na maumivu wiki tatu, na bega linalouma ni bega lisilofanya mazoezi. Mtaalamu wa tiba ya viungo, kijana mmoja mtulivu sana, hakunigombeza. Alinishika mkono akaupeleka mgongoni kwa Mama, chini ya bega. "Hapa," akasema. "Mshike hapa, au kiunoni. Mkono huu uwe na kitu cha kuulalia kila anapokaa, mto au ubao wa kiti. Usining'inie." Nasema haya kabla ya kugusa habari za mashine, kwa kuwa hakuna roboti itakayorudisha bega lililoharibiwa na sisi tunaompenda mgonjwa.

Baada ya hapo nikaanza kuhesabu. Sikuwa na nia mbaya, nilikuwa nimekaa pembeni tu sina la kufanya. Kikao cha dakika arobaini na tano: kupimwa presha, kusalimiana, kunyooshwa misuli, kusimama, kutembea hatua chache kwa kushikiliwa, kupumzika. Mkono wa kushoto ulinyooshwa kuelekea kikombe mara 26. Siku nyingine mara 31. Nilidhani ni upungufu wa pale petu tu, kumbe mwaka 2009 Catherine Lang na wenzake nchini Marekani walikuwa wamechapisha hesabu kama yangu, wao wakiwa wamekaa kwenye vikao vingi vya tiba ya kawaida: wastani wa marudio 32 ya vitendo vya mkono kwa kikao. Ukilinganisha na wanyama wa maabara ambao ubongo wao ulionekana kujipanga upya baada ya kuumia, wale walirudia tendo moja mara mamia kadhaa kwa siku. Niliposoma hivyo niliweka simu chini, nikamtazama Mama aliyekuwa amelala. Mara 26.

Hapo ndipo roboti ilipopata nguvu moyoni mwangu. Roboti hainyooshi mgongo, haiangalii saa, haina mgonjwa mwingine anayeisubiri. Wazo lenyewe lina umri. Huko MIT, chuo cha teknolojia nchini Marekani, Neville Hogan na Hermano Igo Krebs walianza mwaka 1989 kutengeneza mashine waliyoiita MIT-Manus, na manus ni Kilatini cha mkono. Waliijenga iwe laini: ukiisukuma inakubali, ukikwama inakusaidia, haikukamati kama mashine za viwandani. Mashine nyingi za mkono zilizofuata ni za ukoo huo, ikiwemo ile tuliyoikuta kwenye kituo ambacho Mama alipelekwa mwezi wa tano.

Nimkumbuke siku ile ya kwanza. Mkono wa Mama uliwekwa kwenye kihori chenye sponji, ukafungwa kwa mikanda miwili, mmoja karibu na kiwiko na mwingine kwenye kifundo, na vidole vikazungushiwa mshikio. Mezani mbele yake kuna skrini. Katikati ya skrini kuna doa, na madoa mengine manane yamelizunguka kama namba za saa. Doa moja linawaka. Kazi ni kupeleka mkono pale na kurudi katikati. Doa la kulia chini alilifikia kidogo mwenyewe. Doa la kushoto juu, lile linalotaka bega liende mbele na kiwiko kinyooke, hakuweza kabisa. Mkono ulitetemeka, ukasimama, halafu taratibu mashine ikaanza kuusindikiza.

"Kinanivuta, mwanangu," akasema.

"Kinakuvuta au kinakusindikiza?"

Akanyamaza kwa madoa mawili matatu. "Nikiacha, kinanivuta. Nikienda, kinanyamaza."

Sijasoma popote maelezo bora kuliko hayo, na ndiyo maana nakaa hapa kidogo. Mwisho wa kikao hesabu kwenye skrini ilisoma 912. Kutoka 26 hadi 912. Nilitoka nje nikalia, kisha nikarudi nikamsaidia kuvaa viatu.

Lakini kile alichokisema Mama, kwamba akiacha anavutwa, ni jambo ambalo watafiti wamelihangaikia. David Reinkensmeyer na wenzake wa California walionyesha kwamba mwili wa binadamu hubana matumizi: mashine ikifanya kazi, mtu hupunguza juhudi bila kujijua, na mkono unaendelea kusogea vizuri kabisa huku mwenye mkono amepumzika. Mazoezi ya mkono unaobebwa yanasaidia viungo visikakamae, ila ubongo haujifunzi kwa kubebwa. Unajifunza kwa kutuma amri, kuona imekosea wapi, na kutuma tena. Kwa hiyo mashine nzuri ni inayosaidia pale tu msaada unapohitajika, na kupunguza msaada wake kadiri mgonjwa anavyoweza. Mtu akikuuliza swali moja la kumuuliza mwenye kituo, liwe hilo: mashine yenu inapunguza msaada wenyewe, au inambeba tu? Na baada ya wiki mbili omba uonyeshwe msaada umepungua kiasi gani. Sisi hatukuuliza mpaka wiki ya nne, na tulipouliza ikaonekana kiwango cha msaada kilikuwa kilekile cha siku ya kwanza, hakuna aliyekigusa. Kilipopunguzwa, hesabu ya Mama ilishuka hadi mia sita na kitu, akatoka ametota jasho kwapani. Ndiyo ilikuwa wiki ya kwanza ya kazi hasa.

Kulikuwa pia na kisanduku cha umeme. Hiki kidogo, kinakaa kiganjani, nyaya mbili na vibandiko viwili vya elektrodi vinavyowekwa juu ya mkono, upande wa nje, katikati ya kiwiko na kifundo, iliko misuli inayofungua vidole. Baada ya kiharusi vidole hupenda kujikunja; kufumba huja kabla ya kufumbua, na kwa wengi kufumbua hakuji. Umeme ukipita, misuli hukaza na ngumi hufunguka. Mara ya kwanza ilipofunguka, Mama aliitazama bila furaha. "Si mimi niliyefungua," akasema, akageuza uso.

Alikuwa sahihi. Kile cha kwanza kilikuwa kinapiga kwa saa: sekunde kadhaa umeme, sekunde kadhaa kimya, awe anajaribu au amelala. Baadaye tulipata cha aina nyingine, ambacho elektrodi zake zinasikiliza kwanza. Msuli unapojaribu kukaza hutoa mtetemo mdogo wa umeme wa mwilini, hata kama kidole hakijasogea hata unywele. Kifaa kinaonyesha mtetemo huo kwa mstari kwenye kioo, na mstari ukivuka kiwango kilichowekwa ndipo kinamalizia kwa kufungua mkono. Nilikaa naye pale tukitazama mstari. Mara tatu ulipanda nusu ukaanguka. Mara ya nne Mama alifumba macho, akakunja kipaji, shingo ikakaza yote, na mstari ukavuka. Vidole vikafunguka kimoja kimoja, gumba likiwa la mwisho. "Huyo ni mimi," akasema. Kwa wiki kadhaa vidole vilikuwa havijafunguka vyenyewe, lakini tulikuwa na ushahidi kwamba yumo ndani anabisha hodi. Siwezi kueleza thamani ya ushahidi huo kwa mtu aliyeambiwa kwamba mkono wake umekufa.

Michezo ya skrini niipite haraka. Ilimpa Mama uchangamfu, na siku za mvua ilitupa kitu cha kufanya. Utafiti wa mwaka 2016 wa watu 141 ulilinganisha mchezo wa video wa Wii na michezo rahisi kama karata, na pande zote mbili zilipata nafuu bila tofauti. Kama skrini inampendeza mgonjwa, iwepo. Kama fedha ni chache, karata zinatosha.

Sasa nifike kwenye lile lililonisukuma kuandika.

Kuna kipimo cha mkono kinachotumika karibu kila mahali, kilichobuniwa Uswidi na Axel Fugl-Meyer na wenzake mwaka 1975. Mgonjwa anaombwa ainue mkono, akunje kiwiko, azungushe kifundo, abane karatasi kwa kidole na gumba; kila tendo linapewa sifuri, moja au mbili, na jumla ya mkono mzima ni 66. Mama alianza na 17. Baada ya wiki kumi na mbili za roboti na kisanduku alipata 29. Tulipiga picha ile karatasi, tukaituma kwa ndugu wote. Shangazi alipiga simu akishangilia mpaka hakusikika anasema nini.

Wiki hiyohiyo mtaalamu, yule kijana mtulivu, alileta mikanda miwili kama saa za mkononi zisizo na uso. Ndani ya kila mmoja kuna kihisi kinachorekodi mwendo. "Mama, vaa hivi siku tatu, mkono wa kulia na wa kushoto. Usifanye chochote tofauti. Ishi tu." Akavaa. Siku ya nne kijana alivichomeka kwenye kompyuta, akanyamaza kidogo, kisha akaigeuza skrini tuione sote.

Kwa mtu mzima asiye na kiharusi, mikono miwili hufanya kazi karibu sawa kwa siku. Ukigawa muda ambao mkono usio wa kalamu unasogea kwa muda ambao ule wa kalamu unasogea unapata kama 0.95. Yaani ule mkono tunaosema "afadhali" haukai hata kidogo. Wa Mama ulisoma 0.28. Na kilichoniumiza zaidi ni picha ya saa kwa saa: mistari ya mkono wa kulia imejaa kutoka asubuhi hadi usiku kama majani ya mvua, na ya kushoto ni tambarare, ina kilima kimoja tu. Kilima hicho ni dakika arobaini na tano za mazoezi. Wakati mwingine wote mkono ulikuwa mapajani. Alama zimepanda 12, na nyumbani mkono bado umelala.

"Kwani anaweza kufanya nini na 29?" niliuliza, kwa sauti ya kumtetea.

"Anaweza kushika," akasema kijana. "Ameshaweza muda mrefu. Hajui kwamba anaweza, nanyi hamumwachii."

Nikakumbuka siku nzima ya nyumbani. Nani anafungua chupa? Mimi. Nani anashika sahani isiteleze? Mimi. Nani anafunga vifungo? Dada yangu, kabla Mama hajatoka chumbani. Tulimhudumia kwa bidii mpaka mkono ule ukakosa nafasi ya kuishi.

Ndipo nikaelewa kwa nini utafiti mkubwa wa roboti ulitoka jinsi ulivyotoka. Uingereza waliwafuata watu 770, matokeo yakachapishwa na jarida la The Lancet mwaka 2019. Kundi moja lilipata roboti ya ukoo wa Manus dakika 45, mara tatu kwa wiki, wiki kumi na mbili. Jingine lilipata mazoezi ya ziada ya kushika na kutenda na mtaalamu kwa muda uleule. La tatu lilipata huduma ya kawaida. Kwenye kipimo cha mwendo wenyewe roboti ilileta nafuu kidogo. Kwenye kipimo cha kutumia mkono kufanya kazi, haikuwashinda wale wa huduma ya kawaida. Watu wengine walisema basi roboti hazifai. Mimi sisemi hivyo. Mkono wa Mama usingefika 29 bila yale mamia. Ila roboti inafundisha kupeleka mkono kwenye doa, na maisha hayana madoa. Na Lang yuleyule wa hesabu ya 32, mwaka 2016 akiwa na watu 85 waliopita miezi sita tangu kiharusi, aliwapa makundi yake marudio 3,200, 6,400 na 9,600. Walioongezewa hawakuwazidi wengine kwa namna iliyotarajiwa. Vihisi vya mkononi navyo vilionyesha kwamba matumizi ya nyumbani hayakupanda sambamba na alama za kliniki. Wingi peke yake hautoshi. Nilikuwa nimeupenda wingi kwa sababu unahesabika.

Jambo hili la mkono unaoweza lakini hautumiki lilielezwa zamani na mtafiti Edward Taub wa Alabama, Marekani, na nadhani ndiye aliyelifahamu vizuri kuliko wote. Alianza na nyani waliokatwa mishipa inayoleta hisia za mkono mmoja. Mkono ule uliweza kusogea, lakini nyani hawakuutumia. Akaeleza hivi: siku za mwanzo mnyama anajaribu, anashindwa, anaanguka, anaacha; mkono mzima unafaulu na kuzoeleka; baadaye uwezo unarudi kimyakimya lakini hakuna anayejaribu tena. Kutoutumia kumekuwa mazoea. Dawa yake kwa binadamu ilikuwa kuuvisha mkono mzima glovu nene inayofunika vidole vyote pamoja, asilimia 90 ya saa za kuwa macho, kwa wiki mbili, huku mkono dhaifu ukifanya kazi kwa mpangilio. Utafiti wa watu 222, uliochapishwa mwaka 2006, ulithibitisha kwamba njia hiyo ilizishinda huduma za kawaida, na nafuu ilikuwepo bado baada ya mwaka. Tahadhari: inamfaa mwenye uwezo kidogo wa kunyoosha kifundo na vidole, kama digrii kumi hivi. Mwenye mkono usiofunguka kabisa, ukimfungia na ule mzima, umemfanya mfungwa.

Mama alipoletewa glovu alikasirika. "Mkono wangu mzima mmoja uliobaki, nao mnaufunga?" Hakuna aliyemlazimisha. Tuliandikiana mapatano kwenye karatasi, yeye akaweka sahihi: muda wa saa mbili kila asubuhi na muda wa saa moja kila jioni, glovu inavuliwa wakati wa kutembea, wa maji na wa kitu chochote cha moto. Sisi nasi tukaweka sahihi upande wetu: hatutamkimbilia. Upande wetu ulikuwa mgumu zaidi. Kumwona mama yako anahangaika na kifungo dakika sita, mikono yako imeshikana nyuma, ni kazi inayotaka roho ngumu kuliko niliyokuwa nayo. Dada yangu alikuwa anatoka nje.

Kila jioni tulimuuliza maswali yaleyale, kwa mfano wa orodha ya mambo thelathini ambayo wataalamu huitumia: leo uliwasha taa kwa mkono gani? Mlango? Umefuta uso kwa upi? Kiasi gani, na vizuri kiasi gani? Majibu aliyaandika mwenyewe. Na baada ya wiki tatu tuliongeza jambo ambalo halipo kwenye njia ya Taub, ila naona linaufaa mkono wa kushoto wa mtu anayetumia wa kulia: glovu ikivuliwa, siku iliyobaki ni ya mikono miwili. Wa kushoto ushike, wa kulia utende. Hautakiwi kuwa stadi. Unatakiwa kuwepo. Mkanda nao ulibaki mkononi, tukauweka utetemeke kidogo kila mkono ukikaa saa nzima bila kusogea. "Ananiita huyu," Mama husema, kisha anauweka mkono mezani juu ya gazeti. Teknolojia tuliyobaki nayo ni hiyo: kitu kidogo kinachomkumbusha mtu kwamba ana mkono.

Wiki ya nane kipimo cha mikanda kilisoma 0.41. Leo ni 0.55. Alama za mwendo ni 34, hazikupanda sana. Namba ya mikanda ndiyo ninayoitazama.

Nimalizie na uchungu mmoja. Wiki zile za roboti zilipokwisha tuliambiwa na kituo kwamba Mama "amefika kikomo chake," jalada likafungwa. Muda kweli una uzito, sibishani. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa watu 72 waliopewa saa 20 za ziada za mazoezi ya mkono kwa nyakati tofauti. Waliofaidika zaidi ni waliopewa siku 60 hadi 90 baada ya kiharusi. Siku hizo 60 hadi 90 za Mama ndizo zile tulizokuwa tukisema afadhali ni wa kushoto, na tukielekeza nguvu zote kwenye kutembea. Sitazirudisha. Kama wewe unazo bado, mkono usingoje miguu.

Lakini kikomo ni neno jingine. Mwaka huohuo 2021, jarida lileile la The Lancet lilichapisha habari za watu 108 waliokuwa na kati ya miezi tisa na miaka kumi tangu kiharusi. Wote walipandikizwa kifaa kifuani chenye waya unaogusa mshipa wa fahamu wa shingoni, na mtaalamu alibonyeza kitufe kila walipofanya tendo la mkono, ili ubongo upate msukumo wa nusu sekunde papo hapo. Waliopata umeme wa kweli walipanda alama 5.0 kwenye kile kipimo cha 66; waliopata wa bandia, pamoja na mazoezi yaleyale, 2.4. Mamlaka ya dawa na vifaa ya Marekani ilikiidhinisha kifaa hicho mwaka huo. Ni upasuaji, na sisi hatukuufikiria kwa Mama. Ila angalia hata wale wa umeme wa bandia: watu waliokwisha kufungiwa majalada, na mikono yao bado ilijifunza. Aliyetufungia sisi aliangalia kalenda, hakuuangalia mkono.

Jumamosi iliyopita nilimkuta Mama kwenye beseni akifua kitambaa cha uso. Kukamua kitambaa ni kazi ya mikono miwili, hakuna njia ya mkato. Mkono mmoja unasokota, mwingine lazima ukatae kusokotwa. Alikuwa amekibana kwa vidole vya kushoto, gumba likiwa limekaa vibaya, juu badala ya pembeni, kucha zimekuwa nyeupe kwa kubana. Akasokota kwa kulia. Kitambaa kikateleza. Akakiokota majini, akakirudisha kwenye vidole vya kushoto kimoja kimoja kama anayevipanga, akasokota tena. Safari hii mkono wa kushoto haukuachia. Maji yakatoka, si mengi, mstari mwembamba ukapita katikati ya vidole hadi kwenye kifundo, ukalowesha mkanda.

Nilikuwa nimeshikilia mlango. Sikusogea.

Alisokota mara tatu, kisha vidole vikachoka vikafunguka vyenyewe. Akanipa kitambaa, bado kinachuruzika. "Malizia wewe," akasema. "Kesho nitakimaliza."